Je, Wema wa Jirani ni Deni?



Huku kwetu Masasi, mvua zikishakatika mwishoni mwa Aprili, nchi hubadilika sura. Mabua ya mahindi hukauka yakiwa yamesimama, umande wa asubuhi huwa baridi, na mtu akitoka nje mapema hujifunika shuka mabegani. Wenzetu wa Uingereza huvuna nafaka zao mwezi Agosti na Septemba, majani ya miti yanapokaribia kupukutika. Sisi tulio kusini ya ikweta tumegeuziwa kalenda, na mavuno yetu huangukia mwezi Mei na Juni. Kwanza mahindi, kisha karanga na njugu mawe, halafu mtama. Mbaazi hufuata mwezi Julai na Agosti. Mtu akidhani kazi imekwisha, mabibo huanza kuanguka na msimu wa korosho huingia.

Hapana majira yanayopendeza kuliko haya. Mwezi Juni shule hufungwa, wajukuu huja kutoka Mtwara na Dar es Salaam, na nyumba iliyokuwa na watu wawili huwa na watu kumi. Jioni hukaa mkekani chini ya mwembe wakipukuchua mahindi. Wadogo hurushiana magunzi, na wakubwa husimulia habari ambazo wamekwisha kuzisimulia mwaka jana na mwaka juzi, wala hakuna anayechoka kuzisikia. Chungu cha njugu mawe huchemka jikoni. Tena vyombo havitulii. Bakuli la karanga latoka kwetu kwenda nyumba ya pili, sahani ya mbaazi yatoka nyumba ya tatu kuja kwetu, boga lakatwa na nusu yake yavuka ua. Siku nyingine twala chakula ambacho hata kimoja hakikutoka shambani mwetu.

Mwaka jana mjukuu wetu mmoja, mtoto wa darasa la nne, aliyatazama mambo hayo siku mbili tatu, kisha akauliza: "Babu, boga letu limekwenda kwao, na mbaazi zao zimekuja kwetu. Kila mtu angekula chake, si ingekuwa sawasawa? Tena tusingetembea."

Tulicheka, lakini hatukumjibu siku ile. Sisi tuliofundisha darasani karibu miaka 40 twajua ya kwamba swali la mtoto likichekwa mara nyingi ni kwa sababu mkubwa hana jibu. Tumelifikiri tangu hapo, na leo twapenda kulifikiri pamoja nanyi. Jirani akitupa kitu, je, ametukopesha? Na sisi tukimrudishia, je, tumemlipa? Kama ni hivyo, mtoto ana haki, na safari zote zile za kuvuka ua ni bure. Kama sivyo, ni kitu gani basi?

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufundisha.

Mwaka wa pili baada ya kustaafu kwetu, mama watoto aliugua mwezi Januari, wakati wa palizi. Tulikaa naye hospitalini majuma mengi. Tuliporudi nyumbani, shamba lilikuwa limemezwa na majani, na mwezi Juni tulivuna debe 5 tu za mahindi. Nyumba ya watu 6 hula debe moja kwa juma, kwa hiyo mnaweza kufanya hesabu wenyewe. Jirani yetu mmoja, mama mjane aliyetupita kwa umri, hakuuliza neno. Jioni moja alikuja na debe la mahindi kichwani, na kapu la mbaazi mkononi. Akaviweka barazani, akamjulia hali mgonjwa, akaenda zake.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulijiambia: Sisi ni mwalimu, tuna pensheni. Kijiji chote kitasema nini kikisikia ya kuwa tumelishwa na mjane? Basi pensheni ilipoingia, tulikwenda sokoni, tukanunua debe 2 za mahindi na kilo mbili za sukari, tukampelekea mama yule, naye hajamaliza juma tangu atupe. Alivipokea, akasema, "Ahsante, Mwalimu." Tulirudi nyumbani tukijiona waungwana.

Tangu siku ile mama yule hakuja tena kuomba chumvi. Hakuja kuomba kaa la moto, wala kutuletea mlenda. Tulipokutana njiani alitusalimu kwa heshima, nasi tukaitikia kwa heshima, na heshima hiyo ikawa kama ukuta. Ikapita miezi karibu kumi. Mwishowe mama watoto, ambaye ana busara kutupita, alikwenda akamwuliza kosa letu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mwalimu alinilipa. Mimi sikumwuzia mahindi."

Ndugu, maneno hayo machache yalitufundisha zaidi ya vitabu vingi. Hebu tuyachambue.

Deni lina mambo matatu. Lina kiasi, lina tarehe, na lina mwisho. Ukikopa shilingi elfu kumi utarudisha elfu kumi, siku mliyopatana, na ukisha kulipa hamdaiani tena. Kila mmoja ashika njia yake. Mwisho huo ndio uzuri wa deni, nasi hatulidharau. Mtu mwaminifu hulipa deni lake, na asiyelipa huiba.

Lakini zawadi ya jirani haikupimwa kwa shabaha ya kurudishwa, haina tarehe, wala haikukusudiwa iwe na mwisho. Mama yule hakuleta mahindi ili siku moja tuwe sawasawa. Aliyaleta kwa kuwa sisi ni jirani zake, na apenda tuendelee kuwa jirani zake. Sisi tulikimbilia kulipa, tena kwa kuzidisha. Maana ya tendo letu ilikuwa hii: "Chukua chako, tusidaiane." Na watu wasiodaiana kitu chochote, hata salamu, wana sababu gani ya kubisha hodi?

Labda mtu atatupinga na kusema: Mbona desturi yetu ni kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu? Si malipo hayo? Tazameni vizuri kinachotiwa katika chombo hicho. Bakuli lililokuja na karanga laweza kukaa kwetu siku nne, kisha likarudi na ndimu tatu, au chumvi kidogo, au mboga za majani. Hapana mtu mwenye akili atakayesema ndimu tatu ni bei ya bakuli la karanga. Haziko sawa, na ni vema zisiwe sawa. Tena huchelewa, na ni vema zichelewe. Kile kidogo kisicho sawa kinasema, "Tumepokea, tumekumbuka, na habari hii bado haijesha." Siku zote upande mmoja hubaki umemzidi mwenzake kidogo, na hiyo ziada ndogo ndiyo inayovifanya vyombo vitembee. Siku itakapokuwa sawasawa kabisa, vitasimama.

Mwingine atasema: Maneno haya yatawafurahisha wavivu. Ni kweli wapo, na wahenga waliwaona zamani waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu mwenye nguvu asiyelima, akangoja Juni ili apite nyumba kwa nyumba na kapu tupu, huyo hapokei zawadi bali atwaa jasho la mwenzake. Lakini mbona tuna haraka ya kumtaja mvivu kila habari ya kutoa inapoanza? Kwa kila mvivu mmoja kijijini petu, twaweza kuhesabu wagonjwa, wajane na wazee kadhaa ambao shamba liliwashinda kwa sababu za haki. Tusimfanye mvivu kuwa kisingizio cha kufunga ghala.

Tena iko sababu nyingine inayowafanya watu waogope kupokea, nayo si kiburi. Ni masimango. Kila mmoja wetu amemsikia mtu akisema kisimani au kilabuni: "Yule? Mwaka ule asingekuwa mimi, angekufa na wanawe." Mtoaji akisimanga, ameigeuza zawadi kuwa mkopo baada ya kwisha kuliwa. Ni dhuluma mbaya, kwa sababu aliyekula hawezi tena kukataa. Basi, tukitaka jirani zetu wapokee bila kuona haya, na tuchunge ndimi zetu mwaka mzima.

Maandiko Matakatifu yanajua habari hii kuliko sisi. Katika Kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 19, na tena katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, Waisraeli waliagizwa wasivune mpaka pembe za shamba, wala wasirudi kuutwaa mganda waliousahau. Masazo hayo yalikuwa ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Angalieni hekima yake. Mjane hakuagizwa kwenda kuomba mlangoni. Aliingia shambani, akadondoa kwa mikono yake mwenyewe, akaenda nyumbani na kitu alichokitokea jasho. Ndivyo alivyofanya Ruthu Mmoabi, aliyekuwa mgeni katika nchi ile. Na Boazi hakumpa gunia mbele ya watu. Aliwaambia watumishi wake kwa siri waache masuke makusudi njiani mwake, wala wasimkemee. Alitoa bila kumvunjia Ruthu heshima. Mtoaji kama huyo amefikiri kabla ya kutoa.

Sababu ya sheria ile imeandikwa pia: Waisraeli wakumbuke kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Yaani, wewe unayetoa leo ulikuwa mpokeaji kabla hujawa mtoaji.

Neno hilo latugusa sana sisi wa Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akafika nao hapa, na hivyo kanisa likaanza chini ya milima yetu. Watu wale walifika bila shamba na bila ghala, katika nchi waliyoikuta ina wenyewe. Misri kwetu si hadithi ya mbali.

Hata mazao tunayoringia ni ya kupewa. Mahindi, mihogo, karanga, na hiyo mikorosho inayosomesha watoto wetu, asili yake ni Amerika. Mbaazi asili yake ni Bara Hindi. Katika kapu la Juni, mtama ndio tunaoweza kuuita wa Afrika tangu mwanzo, pamoja na njugu mawe. Wako wakulima wa zamani sana, ng'ambo ya bahari, waliochagua mbegu ya mahindi mwaka hata mwaka mpaka ikawa kama tunavyoijua. Hatujui majina yao. Nani kati yetu atawalipa? Na nani amewahi kuilipa mvua?

Basi, tukifika hapo, ule usawa aliouuliza mjukuu wetu umekwisha kuvunjika zamani, kabla hatujavuka ua. Hapana mtu alaye chake tu. Wote twala cha kupewa, na tofauti ni kwamba wengine wamekumbuka na wengine wamesahau.

Bwana wetu alifundisha kwamba ukifanya karamu, uwaalike wasioweza kukualika nao. Na Mtume Paulo aliwakumbusha wazee wa Efeso neno la Bwana kwamba heri ya kutoa yapita heri ya kupokea. Siku nyingi tulilisoma neno hilo kama onyo kwa mchoyo. Sasa twaona kwamba linamgusa pia mwenye kiburi. Ikiwa kutoa ni heri, basi mimi ninayekataa kupokea, au ninayekimbia kulipa ili nisiwe chini ya mtu, ninamnyang'anya jirani yangu heri yake. Yule mama mjane hakuwa na vitu vingi vya kujivunia katika dunia hii. Alikuwa na debe moja la kumpa mwalimu. Nasi tukamrudishia mawili, tukamwacha bila hata lile moja.

Hatusemi haya kana kwamba kutoa ni jambo jepesi. Tumetaja hesabu ya nyumba ya watu 6: debe moja kwa juma ni debe 52 kwa mwaka, yaani karibu magunia 9. Anayetoa debe moja mwezi Juni ametoa juma moja la Februari, na Februari twaijua sote. Ndiyo miezi ambayo mahindi yaliyouzwa kwa bei ya chini wakati wa mavuno hununuliwa tena kwa bei ya juu. Lazima mzee wa nyumba awe kama Yusufu wa Misri, aweke akiba. Lakini akiba nayo ina adui zake. Tangu dumuzi, yule mdudu ambaye wengine humwita Scania, alipoingia Tanzania karibu na mwaka 1980, wengi wetu tumefungua gunia tulilolificha kwa uchungu na kukuta unga mtupu na mashimo. Kile tulichomnyima jirani, mdudu alikula bila kutuambia ahsante.

Ushauri wetu ni huu. Mavuno yakiingia, kabla dalali hajapita na pikipiki yake, baba na mama wa nyumba wakae pamoja na kuyagawa kwa akili. Liwe fungu la chakula cha mwaka, fungu la mbegu, fungu la kuuza, fungu la kanisa, na fungu la jirani. La jirani laweza kuwa dogo sana. Hata likiwa kisonzo kimoja, likiwa limetengwa tangu mwanzo, mkono hautatetemeka siku ya kulitoa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tunayo pia neno dogo juu ya Sikukuu yetu ya Mavuno. Ibada ya namna hii, kama inavyojulikana leo katika makanisa ya Kianglikana, yasemekana ilipata nguvu kuanzia mwaka 1843, Padre Robert Stephen Hawker alipowaita waumini wake wa Morwenstow, huko Cornwall, wamshukuru Mungu kwa mavuno. Kwetu imepata sura yake yenyewe. Twaleta mahindi, mihogo, kuku na mayai mpaka altareni kwa ngoma na vigelegele, na baada ya ibada mnada hufanyika nje. Ni furaha kubwa kuona jogoo mmoja akinunuliwa, akarudishwa na mnunuzi, akauzwa tena mara tatu. Fedha hizo hufanya kazi njema.

Lakini tulipokuwa tukishangilia mwaka jana, tuliangalia pembeni. Walikuwako wazee watatu wamesimama karibu na ukuta. Walikuwa wameleta sadaka zao altareni kama sisi, lakini mnadani hawakuweza kutaja hata bei ya yai. Siku ile ya kushukuru kwa chakula, wao walirudi nyumbani mikono mitupu. Je, haingefaa sehemu ya mazao yale isipigwe mnada, bali ipelekwe jioni yake majumbani, bila kusoma majina na bila kupiga picha? Twawaachia Padre na wazee wa kanisa walifikiri jambo hili kabla ya sikukuu ya mwaka huu.

Sasa tumalizie habari ya jirani yetu, maana hatupendi kuwaacha njiani. Mama watoto alipotuletea yale maneno yake, tulitaka kwenda kuomba radhi tukiwa tumebeba kitu. Alituzuia. Akasema, "Safari hii nenda mikono mitupu, ukaombe." Basi tulikwenda. Tulikaa kwenye kigoda chake, tukaona haya kama mtoto wa shule, tukamwambia: "Mama, tumekuja kukuomba mbegu ya mbaazi. Zako ni nzuri kuliko zetu." Alitutazama kitambo kirefu. Kisha akacheka mpaka akafuta machozi, akaingia ndani, akatuletea kisonzo kimoja kimefungwa katika kipande cha kanga. Kanga ile hatukuirudisha upesi. Ilikaa kwetu mwezi mzima, na iliporudi ilikuwa na ndimu. Kesho yake asubuhi alikuja kuomba chumvi.

Mama yule amekwisha kutangulia mbele ya haki, Bwana ampe raha ya milele. Mbegu yake tumeipanda kila mwaka tangu siku ile, na mbaazi zile alizoziuliza mjukuu wetu, zilizokuja kutoka nyumba ya tatu, zilikuwa za mbegu hiyo hiyo, maana nasi tuliwagawia wenzetu. Mjane amelala, na mbaazi zake bado zavuka ua.

Kwa hiyo, mwezi Juni mtoto akija likizo, tutamjibu hivi: Mjukuu wetu, ni kweli, kila mtu angekula chake, matumbo yangeshiba vilevile. Lakini mama yule hayupo tena, na hatuwezi kumlipa hata tukitaka. Kilichobaki ni kumpa mwingine. Chukua boga hili, upeleke nyumba ya pili, usiwe na haraka ya kurudi na chombo.

Bwana wa mavuno atujalie mikono iliyo tayari kutoa, na mioyo isiyoona haya kupokea. Amina.